Kabati Lisilopumua: Uchambuzi wa Kompyuta Ndogo ya Gemu Sebuleni Donholm

Kompyuta tunayoichambua hapa iliundwa kwa ajili ya TV ya inchi 55 katika sebule ya nyumba ya kupanga, mtaa wa Donholm, Nairobi. Vipuri vyake vilikuwa vipya na vimechaguliwa vizuri, na hadi mwisho wa uchunguzi hakuna hata kimoja kilichopatikana kibovu. Hata hivyo, baada ya wiki tatu familia ilikuwa imekata tamaa. Mechi kwenye gemu ya mpira ilianza vizuri, ikifika dakika kama ya ishirini picha inaanza kukwama. Feni zililia hadi sauti ya TV ikabidi iongezwe. Mara skrini igeuke nyeusi, mara mashine nzima izime. Kontrola ya anayekaa sofa la mbali ilikatika kila mara, na maandishi ya Windows yalikuwa na vivuli vyekundu na vya buluu pembeni.

Duka lililoiunda lilishauri inunuliwe kadi kubwa zaidi ya grafiki. Ushauri huo ungeharibu mambo zaidi. Malalamiko hayo hayakuwa na chanzo kimoja, na hakuna hata moja lililotokana na udogo wa kadi. Yalitokana na mahali mashine ilipowekwa, jinsi ilivyounganishwa, stima ya nyumba, na mipangilio ambayo hakuna aliyeigusa tangu siku ya kwanza.

Mashine yenyewe

Keisi ilikuwa ya aina ya sandwichi: urefu sentimita 33, kimo 22, unene 15, yaani karibu lita 11. Ndani yake ubao mama umesimama upande mmoja na kadi ya grafiki upande wa pili, migongo ikitazamana, na raiza ya utepe, yaani kebo bapa ya kuunganisha kadi na ubao mama, inapita chini yake. Pande zote mbili zina matundu ya kuingiza hewa, na hewa ya moto inatokea juu.

Prosesa ni AMD Ryzen 5 7600 yenye viini sita, na juu yake kipozaji kinachokuja nayo kwenye boksi, Wraith Stealth, chenye kimo cha milimita 54. Kadi ni GeForce RTX 4060 yenye feni mbili. RAM ni GB 32, vipande viwili vya DDR5. Hifadhi ni SSD ya NVMe ya TB 1. Pawa saplai ni ya umbo la SFX, wati 600.

Ubao mama ni wa kipimo cha Mini-ITX, sentimita 17 kwa 17. Udogo huo una bei yake: unapata nafasi mbili tu za RAM na nafasi moja tu ya kadi. Kwa hiyo RAM inunuliwe ya kutosha tangu mwanzo, kwa sababu ukiweka vipande viwili vya GB 8, siku ya kuongeza utavitoa vyote. Pawa saplai ya SFX nayo ni ndogo, milimita 125 kwa 100 kwa 63.5. Ile ya kawaida ya ATX yenye milimita 150 kwa 140 kwa 86 haiwezi kuingia humo hata kwa kulazimisha.

Wati 600 zilikuwa nyingi kuliko zilizohitajika. Kadi hii inakula wati 115 kwa kiwango chake cha kiwandani. Prosesa inaruhusiwa kufika 88. Ukiongeza ubao mama, RAM, SSD na feni, jumla haizidi wati 250, na katika gemu halisi huwa chini ya hapo kwa sababu ni nadra prosesa na kadi kufika kileleni pamoja. SFX nzuri ya wati 450 ingetosha. Wati zilizozidi hazileti madhara, ila pesa hiyo ingenunua kipozaji bora.

Wapo wanaouliza kwa nini wasichukue tu kompyuta ndogo ya ofisi, hizi za ex-UK zilizojaa madukani Moi Avenue na Luthuli. Kwa sinema na gemu nyepesi zinafaa sana. Lakini nyingi zina pawa saplai ya umbo la kampuni yenyewe, haina waya wa pini nane wa kulisha kadi kama hii, na keisi yake inapokea kadi za kimo kifupi tu. Ukianza kubadilisha hivyo vyote, unafuu wa bei unayeyuka.

Mahali ilipokaa

Kabati la TV la nyumba hii lina chumba chini ya TV chenye upana wa sentimita 30, kimo 24 na kina 40. Mashine ilisimama humo. Kila upande ilibakiwa na sentimita saba na nusu, nyuma saba zilizojaa waya, na juu sentimita mbili tu. Mbele kuna mlango wa mbao uliokuwa ukifungwa, maana kuna mtoto wa miaka miwili anayependa taa za vitufe. Mgongo wa kabati ni hadibodi, na njia pekee iliyopita humo ni tundu la waya lenye kipenyo cha sentimita tano. Kabati lenyewe lilisukumwa hadi ukutani.

Mashine ilipotolewa, dari la chumba kile lilisema kila kitu. Palikuwa na miduara miwili ya vumbi la kijivu, imechorwa kama kwa bikari, juu kabisa ya feni mbili za kutolea hewa. Kuzunguka miduara, vumbi lilikuwa limetambaa kwa mistari kuelekea ubavuni, kisha likashuka hadi kwenye matundu ya kuingizia. Hewa ilikuwa inatoka juu, inagonga dari, inateremka kandokando, inavutwa tena. Mashine ilikuwa inavuta pumzi yake yenyewe.

Hesabu ya hewa, kwa Nairobi

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, na hesabu yake si ngumu.

Joto lote linalotengenezwa na kompyuta lazima liondoke na hewa. Hewa ya Nairobi, kwa kuwa jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ni nyepesi: mita moja ya ujazo ina karibu gramu 970, wakati ya Mombasa inakaribia gramu 1,160. Feni inayozunguka kwa kasi ileile inasukuma ujazo uleule, lakini inabeba hewa pungufu kwa karibu asilimia 16, na joto hupungua kubebwa vivyo hivyo. Kinachotuokoa ni kwamba sebule zetu hazifiki nyuzi 32 za pwani.

Kwa uzito huo wa hewa, hesabu inarahisika: gawa wati kwa nyuzi unazokubali hewa iongezeke, na jibu ni lita za hewa kwa sekunde. Mashine hii ikila wati 230, na tukikubali hewa ya ndani ya kabati iwe nyuzi nane tu juu ya ile ya sebule, 230 kwa 8 ni lita 29 kwa sekunde, kila sekunde.

Sasa tazama chumba cha kabati. Ujazo wake ni karibu lita 29, mashine inachukua 11, zinabaki 18. Yaani hewa yote iliyomo ingepaswa kubadilishwa zaidi ya mara moja kwa sekunde. Ili lita 29 zipite bila kelele na bila feni kuhangaika, kasi ya hewa isizidi kama mita moja na nusu kwa sekunde, na hapo unahitaji uwazi wa karibu sentimita za mraba 195 wa kuingilia na mwingine kama huo wa kutokea. Ni kama mraba wa sentimita 14 kwa 14. Tundu la waya lilikuwa na sentimita za mraba 20, nusu yake imejaa waya. Kadi kubwa ya wati 200 ingewekwa humo, ingekuwa ni kuongeza kuni kwenye jiko lililofungwa.

Vipimo

Programu ya bure ya HWiNFO iliwekwa isome kwa dakika 40 za mechi mfululizo, na kipimajoto cha jikoni chenye waya kikawekwa ndani ya chumba cha kabati, kando ya mashine. Dakika 40 si nyingi kupita kiasi. Jaribio la dakika kumi lingeonyesha mashine nzima isiyo na tatizo, kwa sababu mbao za kabati huchukua muda kupata moto.

Sebule ikiwa nyuzi 24 na mlango umefungwa, hewa ya kabati ilifika 43. Prosesa iligonga 95, kikomo ilichowekewa na kiwanda, ikaanza kujipunguzia kasi. Kadi ilishika 83, nayo ikapunguza. Picha zilizoonekana kwenye TV, zilizokuwa 60 kwa sekunde, zikashuka hadi 38. Hiyo ndiyo "kukwama" ya dakika ya ishirini.

Mlango ukifunguliwa tu: kabati 31, prosesa 86, kadi 74, na hakuna kukwama. Mashine ikiwa juu ya meza katikati ya sebule: prosesa 81, kadi 69.

Tofauti kati ya mlango wazi na meza ni ndogo, lakini nyuzi 81 hata mezani ni nyingi. Sababu ni kipozaji. Wraith Stealth inatosha kwenye keisi kubwa, lakini ndani ya sandwichi bamba lenye matundu linakaa karibu sana na feni yake. Kwa kuwa keisi hii inapokea kimo cha milimita 55, kiliwekwa kipozaji chembamba cha milimita 47, Thermalright AXP90-X47, chenye mirija ya kusafirisha joto. Milimita nane zilizobaki juu yake zinaipa feni mahali pa kuvutia hewa. Ukichagua kipozaji, usikitafute kinachojaza nafasi yote hadi kwenye bamba.

Kupunguza moto kabla ya kuupoza

Kazi yenye faida kubwa haikugharimu hata shilingi. TV ya familia hii inaonyesha picha 60 kwa sekunde, basi. Gemu ilikuwa imeachwa bila kikomo, kadi ikichora 130 na zaidi, na kwenye menyu za mwanzo ikipanda hata kupita hapo. Zaidi ya nusu ya kazi hiyo ilikuwa inatupwa, na joto lake lilibaki kabatini. Kikomo cha picha 60 kiliwekwa kwenye mipangilio ya dereva wa kadi (programu inayoiendesha) ili kishike gemu zote, na ulaji wa kadi kwenye mpira ukashuka kutoka wati 115 hadi karibu 70.

Kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, prosesa iliwekwa Eco Mode ya wati 45, ambayo kwa kweli inaipa ruhusa ya kufika wati 61 badala ya 88. Kwenye gemu za picha 60 kwa sekunde hutaona tofauti yoyote. Gemu nzito za dunia pana zinazotaka kadi yote zilipunguziwa kwa njia nyingine: zinachorwa kwa mistari 1440, kisha DLSS, teknolojia ya kadi ya kukuza picha, inazipandisha hadi 4K. Kutoka sofa lililo mita mbili na nusu, hakuna jicho la nyumba hiyo lililoweza kutofautisha.

Kukata kabati

Suluhisho rahisi lilikuwa kuitoa mashine na kuiweka juu ya kabati. Mama wa familia alikataa kwa sababu ya mtoto, na sababu yake ni ya haki. Basi seremala akaitwa.

Mlango ulibaki, ila katikati yake palikatwa dirisha la sentimita 24 kwa 18, likawekwa wavu wa chuma uliopakwa rangi nyeusi kutoka kwa mafundi wa Kamukunji. Wavu ule karibu nusu yake ni chuma na nusu ni uwazi, kwa hiyo kutoka sentimita za mraba 432 unabakiwa na kama 216. Ukitumia wavu wa mbu kama wengine wanavyofanya, hesabu inavurugika: matundu ni madogo mno, yanaziba vumbi ndani ya wiki.

Nyuma, seremala alitaka kutoboa chini. "Mama, hapa chini hapataonekana kabisa," alisema. Mama akamjibu kwamba nyuma ya kabati hakuna anayetazama, atoboe juu. Juu ndipo panapofaa, kwa sababu hewa ya moto hukusanyika pale, na tundu la chini lingeivuta hewa baridi ya mlangoni moja kwa moja nyuma bila kupitia kwenye mashine. Matundu mawili ya kipenyo cha sentimita 11.5 yakakatwa kwa msumeno wa jigisoo, sambamba, karibu na dari, na feni mbili za milimita 120 zikafungwa kutoa hewa nje. Kati ya feni na hadibodi paliwekwa vipande vya raba ya ndara kuukuu. Bila hivyo hadibodi inavuma kama ngoma.

Feni hizo zinalishwa na ubao mama kupitia waya wa kugawanya. Soketi moja ya feni kwenye ubao mama kwa kawaida huvumilia ampia 1, na feni mbili za aina hii hazifiki ampia 0.5 kwa pamoja. Kabati likavutwa sentimita sita kutoka ukutani. Ukisahau hatua hii, matundu yote yaliyokatwa ni bure, kwa sababu feni itakuwa inapuliza ukuta.

Mashine yenyewe iliinuliwa kidogo? Hapana, ilishushwa. Miguu yake ya raba ya kimo cha sentimita moja ilibadilishwa na mifupi, nafasi ya juu ikawa karibu sentimita tatu. Ni kidogo, lakini feni za kabati sasa zinaivuta hewa kabla haijarudi chini.

Baada ya yote hayo, dakika 40 za mechi, mlango umefungwa, sebule nyuzi 24: kabati 28, prosesa 70, kadi 62. Picha 60 kwa sekunde kutoka mwanzo hadi mwisho.

Kuzima kwa namna mbili

Familia ilisema "inazima", na neno hilo lilikuwa linaficha matatizo mawili. Mara nyingine skrini ilikuwa nyeusi huku feni zikiendelea kuzunguka. Mara nyingine kila kitu kilikatika kwa pamoja, taa na feni. Swali la kwanza kwa mwenye mashine liwe hilo hilo: feni zilikuwa zinazunguka au la?

Skrini nyeusi na feni zinazunguka ilitokana na raiza. Utepe uliokuja na keisi ulikuwa wa PCIe 3.0 (PCIe ni njia ya mawasiliano kati ya ubao mama na kadi), lakini kadi na ubao mama vyote ni vya 4.0, na BIOS ikiachwa Auto vinakubaliana kwenda kasi ya 4.0 juu ya utepe usioiweza. Wakati mwingine inafanya kazi kwa saa nzima, kisha mawimbi yanaharibika na kadi inapotea. Kwenye kumbukumbu za Windows palikuwa na safu ndefu ya makosa ya WHEA-Logger namba 17, ambayo ni makosa ya njia ya PCIe yaliyosahihishwa. Nafasi ya kadi ikawekwa Gen 3, yaani kasi ya 3.0, kwenye BIOS, na safu ile ikakoma siku hiyo hiyo. RTX 4060 hutumia njia nane tu, kwa hiyo Gen 3 inaipunguzia kidogo, lakini kwa picha 60 hakuna aliyeona. Tahadhari moja: ukiunda upya keisi kama hii, weka mpangilio huu kabla ya kufunga raiza, kwa kutumia HDMI ya ubao mama. Vinginevyo unaweza usipate picha ya kuingilia BIOS.

Na hapo hapo: Ryzen 7600 ina grafiki ndogo ndani yake, kwa hiyo TV ikichomekwa kwenye ubao mama itaonyesha picha safi kabisa, na gemu itatambaa. Kebo ya kudumu ichomekwe kwenye kadi.

Kukatika kwa kila kitu kulikuwa stima. Kumbukumbu zilionyesha Kernel-Power 41, maana yake mashine ilizima bila kuaga. Nyumba ilikuwa na TV guard, na familia iliamini inalinda. Inalinda kweli, ila kwa kukata: volti zikishuka au kupanda nje ya mipaka yake, inatenganisha kila kitu, inasubiri, ndipo inarudisha. TV haijali. Kompyuta inayoandika kwenye SSD inajali sana.

Iliwekwa UPS, yaani betri ya kushikilia stima ikikatika, ya VA 1000, wati 600, baada ya TV guard. Angalia wati, usidanganywe na VA. UPS ya VA 650 mara nyingi inabeba chini ya wati 400, na mashine pamoja na TV na ruta vinaikaribia. UPS za bei nafuu hutoa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na baadhi ya pawa saplai za kisasa huyakataa na kuzima papo hapo UPS inaposhika. Jaribu dukani au siku ya kwanza nyumbani: gemu ikiwa inaendelea, chomoa UPS ukutani. Mashine ikizima, rudisha UPS hiyo ubadilishiwe na ya mawimbi laini. Hapa ilipita jaribio. Betri inatoa dakika chache tu, na zinatosha kuhifadhi na kuzima.

Kwenye BIOS, mpangilio wa umeme ukirudi uliwekwa mashine ibaki imezima. Stima ya mtaani inaporudi huja kwa kuyumba, na huo si wakati mzuri wa kompyuta kuamka. Kwenye Windows, kitufe cha kuzimia kiliwekwa Hibernate, inayohifadhi kazi kwenye SSD, badala ya Sleep, maana kilicho kwenye RAM hupotea stima ikiondoka usiku.

Picha na maandishi

Vivuli vya rangi kwenye herufi vilisababishwa na TV. Mlango wa HDMI ulikuwa kwenye hali yake ya kawaida, ambayo inakubali 4K kwa picha 60 kama tu taarifa za rangi zimepunguzwa hadi robo, mpango uitwao 4:2:0. Kwa sinema haionekani, kwa herufi nyembamba inaumiza macho. Kila kampuni ina jina lake kwa mpangilio wa kufungua mlango: Samsung huita Input Signal Plus, LG huita HDMI Ultra HD Deep Color. Ukishawashwa, kwenye dereva wa kadi chagua RGB, biti 8. HDMI 2.0 ina nafasi ya hilo kwa 4K na 60. Rangi za HDR za biti 10 kwa RGB kamili haziingii humo, zinahitaji 4:2:2 (taarifa za rangi zikipunguzwa hadi nusu) au mlango wa HDMI 2.1.

Kisha Game Mode, ili TV iache kupamba picha na kuchelewesha vitufe. Hii ilibadilisha mchezo kuliko kitu kingine chochote mbele ya watoto. Kingo za picha zilizokuwa zimekatwa, upau wa Windows ukiwa umezama nusu, zilirudi kwa kuchagua ukubwa wa picha usiovuta. Kebo ya mita mbili iliyokuwepo ilitosha. Hakukuwa na haja ya kununua ya bei ghali.

Jambo moja halikuwezekana: kuwasha TV na kompyuta kwa pamoja kama vifaa vingine vya HDMI. Kadi za kompyuta kwa kawaida hazitumi amri hiyo, na kifaa cha ziada cha USB kinachoituma familia haikukitaka. Rimoti ya TV itaendelea kutumika.

Kontrola

Antena mbili za ubao mama zilikuwa bado ndani ya mfuko wao wa plastiki, kwenye droo pamoja na skrubu zilizobaki. Bluetooth na Wi-Fi za ubao huu hutumia antena hizo hizo. Bila antena, kontrola ilishikwa mita moja na nusu, kwenye sofa la mbali ikapotea. Antena zilifungwa kwa kebo fupi ya nyongeza na kupandishwa juu ya kabati, ubavuni mwa TV na si nyuma yake, na diski ya nje ya USB 3.0 ikahamishwa upande wa pili, kwa sababu mlango wa USB 3.0 unaofanya kazi hutoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz ambayo Bluetooth inatumia. Kontrola nne sasa zinashika hadi mlango wa jikoni.

Siku ya kuunganisha upya

Baada ya RAM kutolewa ili kipozaji kibadilishwe, mashine iliwashwa na TV ikabaki nyeusi. Dakika moja, mbili, tatu. Hapa ndipo watu huanza kuchomoa vitu, na ni kosa. Ubao mama wa AM5 (aina ya soketi ya prosesa hii) hupima RAM upya kila inapoguswa, na shughuli hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa bila picha yoyote. Iachwe hadi dakika kumi. Hapa picha ilikuja dakika ya nne.

Grisi ya kupitisha joto iliwekwa kiasi cha punje ya dengu katikati ya prosesa. Prosesa za AM5 zina mikato kwenye kingo za bamba lake, grisi ikizidi inaingia humo. Grisi ya kawaida haileti shoti, ila kuisafisha ni kazi ya mswaki na subira.

Vumbi la Donholm ni laini, na huzidi Januari na Februari. Wavu wa mlango unapigwa brashi kila Jumamosi, na kila baada ya miezi miwili keisi inatolewa nje kwenye balkoni na kupulizwa, feni zikishikiliwa kwa kidole zisizunguke. Mtoto alijaribu kupitisha kijiko kwenye wavu siku ya pili. Hakikupita.